Kufunga marobota ya hei kwa katani badala ya nailoni na neti: mwongozo kwa mfugaji wa Tabora

Mvua zikishakatika, mwishoni mwa mwezi wa nne hivi, maswali nayo huanza. Mtu ana ng'ombe wawili wa maziwa, kakata nyasi zake za kukausha ziwe hei, kasikia kamba ya nailoni haifai, sasa anataka kufunga marobota kwa katani, yaani nyuzi za mkonge. Haitakatika? Mchwa hawataila? Naipata wapi huku Tabora, si mpaka Tanga? Nimeyajibu kwenye simu, nimeyajibu mnadani, na juzi nimevutwa pembeni msibani kuulizwa habari za fundo. Basi nayaandika mara moja, nikiulizwa tena nielekeze hapa.

Mimi sababu yangu ya kuiacha nailoni ni hii. Nilikuwa na mtamba mmoja mwekundu, mzuri, akaanza kukonda huku anakula. Manyoya yakasimama, tumbo la kushoto limejaa muda wote. Nikampa dawa ya minyoo mara mbili. Mwisho tukaona bora achinjwe kabla hajafa mwenyewe. Mchinjaji alipopasua tumbo kubwa akatoa bonge la ukubwa wa kichwa cha mtoto, limeshikana kama kiota. Alilimwagia maji jagi moja, rangi ya bluu ikatokea, inang'aa kama siku niliyoinunua dukani. Zilikuwa kamba za marobota. Na mojawapo ilikuwa na fundo ambalo nililitambua, maana mimi nafunga kwa mkono wa kushoto na fundo langu haliigwi. Sikuwa na wa kumlaumu.

Nailoni haiyeyuki tumboni, ndiyo nadharia yote unayohitaji. Huko Marekani, chuo kikuu cha jimbo la North Dakota waliwahi kupima neti za plastiki na kamba za katani ndani ya matumbo ya ng'ombe walio hai: baada ya siku kadhaa neti ilitoka kama ilivyoingia, katani ikawa imeanza kuisha. Hilo halina maana kwamba katani ni chakula. Maana yake ni kwamba ukisahau kipande kimoja, hukusahau kifo.

Neti yenyewe, ile inayozungushwa kwenye marobota makubwa ya duara, ni mambo ya mashine. Wengi wetu huku tunafunga kwa kasha la mbao na miguu yetu, kwa hiyo mwongozo huu ni wa kasha. Wenye kukodi trekta nina maneno yao mbele kidogo.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Mkonge uliokomaa. Ule wa mipakani unatosha kabisa, si lazima shamba la mkonge. Kwa marobota 100 hesabu mimea 12 hadi 15.
- Panga lenye makali, na panga jingine kuukuu lililo butu. La butu ndilo la kuparulia, usilinoe.
- Ubao laini au gogo lililolainishwa, urefu wa mita 1 na nusu.
- Rungu la mti.
- Nguo ya mikono mirefu, na glavu kama unazo. Maji ya mkonge yanawasha.
- Ndoo mbili za lita 20.
- Kipande cha nondo ya milimita 6, urefu kama wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni.
- Kitana cha kuchania nyuzi: ubao mdogo uliopigwa misumari ya inchi 3, mistari miwili.
- Bonge la nta ya nyuki. Tabora hii hukosi. Muulize mrina asali yeyote, hata masalia ya masega aliyokwisha kukamua yanafaa yakiyeyushwa na kuchujwa.
- Kasha la kufungia, lisilo na kitako wala mfuniko. Vipimo vinavyotumika sana ni urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Ukishindilia vizuri linatoa robota la kilo 20 hivi.
- Mwenzako mmoja, na wa tatu wa kushika katikati mnaposokota, hata mtoto. Kazi ya kusokota mtu peke yake anaiweza, lakini ataichukia.

Kuhusu kununua au kutengeneza. Ukiwa na marobota zaidi ya 200, nunua kamba ya katani iliyokwisha kusokotwa kiwandani, usijitese. Mimi na kijana wangu tunasokota kama mita 30 kwa saa, na robota moja linakula mita 7. Piga hesabu mwenyewe. Chini ya hapo, kamba ya kujitengenezea inakutoa, maana mkonge umesimama mpakani bure.

Sehemu ya kwanza: kutoa nyuzi

1. Chagua majani ya chini, yale yaliyolala kuelekea ardhini, yenye urefu wa mita 1 au zaidi. Mkonge unaanza kukatwa ukiwa na miaka 2 hadi 4, kutegemea udongo. Kata majani 20 hadi 25 kwa mmea na uache yaliyobaki juu, angalau mengine 20. Ukiunyoa wote unadumaa, mwaka unaofuata huna kitu. Uliokwisha kutoa mlingoti, ule mti mrefu wa maua wa katikati, uache, unakufa huo.

2. Kata ule mwiba mweusi wa nchani kwanza, kabla hujalibeba jani. Nasema kwanza. Nimemwona mtu anabeba mzigo wa majani begani, miiba yote imemwelekea jirani anayemfuata nyuma.

3. Yaparue majani, yaani toa nyama yake ya kijani, siku hiyohiyo, ikishindikana kesho yake asubuhi. Jani likinyauka nyama yake inang'ang'ania nyuzi na utafanya kazi mara tatu.

4. Lipasue jani kwa urefu vipande vitatu au vinne. Liponde kwa rungu kuanzia shinani, taratibu, mpaka maji yatoke. Usilipige kama unapura mpunga, nyuzi zitakatika. Unataka nyama ilegee tu.

5. Laza kipande juu ya ubao, shika shina kwa mkono mmoja, egemeza panga butu kwa mwinuko kidogo, uvute jani chini ya panga. Nyama ya kijani inatoka inabaki mbele ya panga kama matope. Parua nusu, geuza, shika upande wa nyuzi safi, parua nusu iliyobaki. Majani 10 ya kwanza utayaharibu. La kumi na moja mkono utakuwa umeshaelewa, na utasikia tofauti: panga likikuta nyama lina mlio mzito, likifika kwenye nyuzi tupu linakwaruza kama kitana kwenye nywele kavu.

6. Osha nyuzi kwenye ndoo, badilisha maji mara mbili. Usioshee mtoni, bwawani wala kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Maji ya mkonge yanaua samaki, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mwaga shimoni mbali na mifugo. Yale matope ya kijani yakae pembeni mpaka yaoze kabisa ndipo yaingie shambani.

7. Anika juani juu ya kamba au ua, zikiwa zimetandazwa, siku moja ya jua kali. Nyuzi nzuri zinakuwa nyeupe inayoelekea njano. Zikibaki na ukijani, bado kuna nyama, na nyama hiyo ndiyo itakayooza kwanza.

8. Chana. Zipitishe kwenye misumari mara tatu nne mpaka zilale upande mmoja. Vinyuzi vifupi vinavyobaki kwenye misumari usitupe, vinajazia godoro la mbwa au vinapiga deki.

Jani moja kubwa likiparuliwa kwa mkono linakupa gramu 20 za nyuzi, likikubali sana 30. Robota linataka gramu 50. Weka hesabu ya majani matatu kwa robota moja na hutakwama.

Kuna wanaoloweka majani wiki mbili tatu mpaka yaoze, kisha wanaosha. Inawezekana. Lakini harufu yake itakugombanisha na mke na majirani, na nyuzi zinatoka zimefifia nguvu na rangi. Mimi siifanyi.

Sehemu ya pili: kusokota

9. Kunja nondo iwe kama hendeli ya kuwashia lori la zamani: upande mmoja wa kushika na kuzungusha, upande mwingine umepindwa ndoano. Ipitishe kwenye tundu la ubao uliopigiliwa kwenye nguzo, usawa wa kiuno.

10. Chukua nyuzi mia hivi, zifunge kwenye ndoano. Mwenzako anazungusha upande mmoja tu, tuseme kulia, wewe unarudi nyuma polepole huku unaongeza nyuzi mpya kutoka kwenye fungu lililo kwapani. Nyuzi mpya ziingie kabla za zamani hazijaisha, zipishane angalau urefu wa mkono. Uzi ukishajisokota uwe na unene wa spoku ya baiskeli. Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu: wanaongeza nyuzi nyingi kwa mkupuo, uzi unatoka na uvimbe sehemu moja na wembamba sehemu inayofuata. Kamba haikatiki kwenye uvimbe, inakatika pale pembamba.

11. Uzi ukifika mita 16, simama. Urefu huo ndio wa robota moja. Usiulegeze hata kidogo, maana utajikunjakunja kama utumbo. Mtu wa tatu, au mtoto, ashike katikati. Wewe leta ncha yako kwenye ndoano, iungane na ya kwanza. Sasa yule wa katikati azungushe upande wa kinyume, kushoto, uzi ukiwa umekaza. Nyuzi mbili zitashikana zenyewe. Ukimaliza una kamba ya mita 7 na kidogo, nene kama spoku mbili zilizolazwa pamoja.

12. Inyooshe. Ifunge kati ya miti miwili, tundika jiwe katikati, iache usiku kucha. Kamba mpya ya mkono ina ulegevu ndani yake, na bora uishie hapa kuliko uishie kwenye robota.

13. Pitisha nta. Shika bonge la nta kiganjani, vuta kamba ndani yake mara mbili, kisha ifute kwa kitambaa kwa nguvu mpaka ipate joto. Vinyweleo vinalala, na unyevu wa usiku hauiingii haraka. Usitumie oili chafu ya gari. Najua inasemwa inafukuza mchwa. Ng'ombe atairamba. Na dawa ya kuua wadudu usiiguse kabisa, kamba hii inakaa ndani ya chakula.

14. Kata vipande viwili vya mita 3 na nusu. Kila kipande, upande mmoja, funga kitanzi kidogo kinachopitisha kidole gumba. Ncha ya pili ifunge fundo dogo isifumuke.

15. Jaribu kabla ya kuamini. Chukua kipande kimoja katika kila kumi, kifunge fundo, kitundike tawini na ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji. Kikishikilia kwa kuhesabu mpaka mia, fungu hilo ni zima. Kikikatika, angalia kimekatikia wapi kabla ya kutupa. Kamba itakuonyesha kosa lako.

Sehemu ya tatu: kufunga robota

16. Hakikisha nyasi zimekauka. Kata zikianza kutoa maua, anika siku mbili tatu, geuza mchana. Chukua konzi, isokote: ikitoa unyevu mkononi, bado. Kama una shaka, tia konzi ya nyasi zilizokatwakatwa kwenye chupa kavu yenye mdomo mpana, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishikana mabonge, nyasi ni mbichi. Ikibaki inatiririka, funga. Nyasi mbichi zinapata joto ndani, zinaota ukungu, na pale penye ukungu katani inaoza. Nailoni ingevumilia hapo, tusidanganyane. Ndiyo maana mtu aliyezoea nailoni hufunga hovyo, kisha anailaumu katani.

17. Tandaza vipande viwili vya kamba chini kwa urefu wa kasha, kila kimoja sentimita 15 kutoka ukingoni. Weka kasha juu. Ncha zipande ndani ya kuta fupi na zining'inie nje kwa juu, vitanzi vyote upande mmoja.

18. Jaza tabaka la nyasi lenye kina cha kiganja hadi kiwiko, kanyaga. Anza pembeni, kwenye kona nne, katikati mwisho. Kona zikibaki laini robota linakuwa duara kama mkate na kamba zinateleza. Endelea mpaka nyasi zipite juu ya kasha.

19. Mwenzako akiwa amesimama juu ya nyasi, pitisha ncha ndani ya kitanzi, ivute kurudi ilikotoka, kwa nguvu, kama unakaza mkanda wa punda. Bana kwa gumba pale kwenye kitanzi, kisha zungusha mafundo mawili ya nusu juu ya kamba iliyokaza. Basi. Katani ina ukwaru, fundo halitelezi, huna haja ya kurundika mafundo matano kama kwenye nailoni. Mengi yanakunyima tu kufungua baadaye. Kamba iwe kavu unapofunga: iliyolowa inavimba na kufupika, ikikauka unabaki na robota linalocheza.

20. Nyanyua kasha. Acha robota kivulini, kesho yake kaza tena lile lililolegea. Nyasi zinapumua usiku wa kwanza.

Sehemu ya nne: kuhifadhi, ambako ndiko kamba zinakufa

Mchwa wa Tabora hawahitaji utambulisho. Robota likilala ardhini wiki mbili, kamba ya chini imekwisha na nyasi ziko njiani. Tengeneza uchanja, miguu yake iinuke nusu mita, chini pawe peupe ili uone njia za udongo wa mchwa zikianza kupanda nguzoni. Zibomoe kila wiki. Mwaga majivu kuzunguka nguzo, yanachelewesha ingawa hayazuii.

Halafu kuna hili, ambalo nilichukua misimu miwili kulijua: usilaze robota kama lilivyotoka kwenye kasha. Ligeuze likae kwa ubavu mrefu, ule usiopitiwa na kamba. Ukifunga kwa urefu kama nilivyosema, kamba zinapita juu, chini na kwenye ncha mbili, ubavu uko wazi. Likikaa kwa ubavu hakuna kamba inayogusa miti ya uchanja wala unyevu wa chini. Haikugharimu hata senti, na kamba ileile nimeitumia misimu miwili.

Panya wanapenda kujenga ndani ya marobota na wanakata kamba kwa meno. Acha nafasi ya mtu kupita kati ya rundo na ukuta. Paka akiweza kupita, nusu ya kazi imeisha.

Siku ya kulisha, fungua fundo, usikate. Kila robota lina kamba mbili. Umelisha matatu, jioni msumarini pawe na kamba sita. Zikiwa tano, rudi ukatafute kwenye hori. Hata kama ni katani.

Wanaokodi mashine

Mashine ya marobota ya pembe nne inafunga fundo yenyewe, na inataka kamba yenye unene usiobadilika. Hiyo ya kwako ya mkono itakwama na mwenye trekta atakutukana, kwa haki. Nunua ya kiwandani iliyoandikwa kwamba ni ya kufungia marobota. Kabla plastiki haijaenea, mashine hizo zilikuwa zinafunga kwa katani, na nyingi ya hiyo katani ilitoka kwetu. Mashine ya duara inayozungusha neti, muulize mwenyewe kama ina mkono wa kamba pia. Nyingi zinao. Ikiwa ina neti tu, kubali, lakini ivue neti yote kabla ya kulisha, na uivue ikiwa kavu. Ikilowa inashikana na nyasi na vipande vinabaki.

Nyuzi nyingine zinazoulizwa

Magome ya miyombo: wazee walifungia kila kitu, na kweli yana nguvu. Lakini ukiubandua mti kuuzunguka wote, umeuua, na nyuki wako ndio wanaokosa maua. Sishauri. Mbuyu ni tofauti, unarudisha gome lake ukiubandua kwa adabu, sehemu moja tu, na kamba yake ni imara. Walio Igunga wanaweza kujaribu.

Mgomba: ndugu zetu wa Kasulu na Buhigwe wanao mwingi. Maganda makavu ya shina yanasokotwa vizuri, ni laini mkononi, ila hayana nguvu ya kukaza kasha. Yanafungia matita ya majani ya karanga au mabua ya mpunga, mizigo ya kichwani.

Jute, zile nyuzi za mmea zinazofumiwa magunia: hapa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Sikonge na Kaliua wanatupita. Wao wameshazoea kwamba plastiki haitakiwi kwenye robota la tumbaku, wanashonea kwa uzi wa jute na kufungia magunia ya jute. Uzi uleule ukiukunja mara nne unafunga hei. Gunia kuukuu linafaa kubebea nyasi zisizofungwa, mradi halikuwahi kubeba mbolea wala dawa. Kama hujui lilibeba nini, liache.

Matatizo na tiba zake

*Kamba inakatikia kwenye fundo kila mara.* Unatumia nyuzi ambazo hazijapishana vya kutosha mwishoni, au fundo linakaa kwenye sehemu nyembamba. Ile sentimita 50 ya mwisho ya kila kipande isokote nene kidogo.

*Inakatikia popote.* Ulipiga jani kwa nguvu mno, au panga la kuparulia lina makali. Vuta unyuzi mmoja kati ya vidole: ukikatika bila kukukata ngozi, uliharibika tangu ubaoni.

*Kamba inafumuka yenyewe.* Umezungusha upande uleule mara zote mbili. Kulia kwanza, kushoto unapounganisha. Ukikosea hapo hakuna nta itakayokuokoa, fumua uanze upya.

*Robota limelegea baada ya siku tatu.* Ama kamba haikunyooshwa kwa jiwe, ama kona hazikukanyagwa. Ukibonyeza kona kwa kidole gumba ikaingia, ni kona.

*Mikono inawasha, imetoka vipele.* Osha kwa sabuni na maji mengi, paka mafuta ya kula, pumzika siku mbili. Usijikune na usijiguse macho. Kuna watu mkonge hauwapendi kabisa, hao wapewe kazi ya kusokota, nyuzi kavu haziwashi.

*Kamba imeota madoa meusi.* Ni ukungu. Anika juani kutwa, kisha ifanyie lile jaribio la ndoo mbili. Ikishindwa, itupe kwenye lundo la samadi, itaoza huko pamoja na mengine.

*Ng'ombe amemeza kipande.* Cha urefu wa mkono, mwangalie tu kama anacheua na kunya kama kawaida. Akiacha kucheua, au tumbo la kushoto likikaza kama ngoma, mwite bwana mifugo siku hiyohiyo, usianze na dawa ya minyoo kama nilivyofanya mimi.